Benchi la Kulia

Ijumaa ile tulimzika mama Skolastika kando ya migomba yake, Bukiriro, na baada ya maziko binti yake Adela alinishika mkono akanipeleka mbele ya nyumba, kwenye benchi refu lenye meza. Wanawake wa jumuiya walikuwa wanapakua wali, maharage na ndizi kutoka kwenye masufuria yaliyoinjikwa nje, upande wa zizi la mbuzi. "Kaa hapa, shangazi," Adela akaniambia, akaniwekea sahani. "Hili ndilo benchi letu la kulia. Mama mwenyewe aliliagiza zamani, mimi nikiwa mdogo." Nikakaa. Sikuhitaji kuinama ili nijue kwamba chini ya meza ile kuna bolti kumi na tisa badala ya ishirini, na kwamba ubao wa mwisho umeshikwa kwa msumari kwa sababu bolti ya ishirini ilituangukia njiani. Mimi ndiye niliyelichora benchi lile. Nimechora mengi tangu hapo, na nimeharibu machache, lakini sijawahi kukosea kitu kama nilivyolikosea lile, na ni kosa ambalo hakuna mtu pale uwanjani aliyejua kuwa lipo.

Upande wa pili wa meza alikaa Fundi Idi, ndevu zote nyeupe siku hizi, anakula kwa raha zake. Yeye ndiye aliyenipigia simu. "Mwarimu," alisema, maana mpaka leo hilo ndilo jina langu kwake, "yure mama wa benchi refu amefariki. Twende tukamzike." Sasa kati ya tonge na tonge alikuwa anapitisha vidole chini ya meza, anapapasa viungio alivyovichomelea mwenyewe. "Hakuna hata kimoja kirichoachia," akaninong'oneza kwa furaha, kisha akakumbuka kuwa tuko msibani akakunja uso. Nilimwonea wivu. Yeye amekula miaka yote hiyo akijua kuwa huko Ngara kuna familia inayokaa juu ya kazi yake nzuri. Sikuwahi kumwambia ukweli, na pale mezani, na sahani yangu imejaa, nilijua kuwa sitamwambia tena.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona najua kila kitu. Nilikuwa nimetoka Nyabusozi na cheti cha kidato cha nne chenye alama moja tu ya kujivunia, ya Kiswahili, na alama hiyo niliibeba hadi Biharamulo mjini kama mtu aliyebeba yai mkononi. Fundi Idi, mwenyeji wa Bisibo, alikuwa na karakana nyuma ya soko: chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, na mbele yake banda la mabati lililokuwa na mashine ya kuchomelea, jenereta, meza ya randa na mbao za mninga zilizoegemezwa zikauke. Alitengeneza mabenchi ya bustani, miguu na mifupa ya chuma, pa kukalia na pa kuegemea mbao. Alinichukua niandike oda na nichore, kwa kuwa michoro yake mwenyewe wateja walikuwa hawaelewi kama ni benchi au ni mbuzi amelala. Nilichora kwanza kwenye daftari, halafu kwa chaki sakafuni, ukubwa ule ule wa benchi lenyewe, na Fundi alikata mabomba ya mraba na kuyalaza juu ya mistari yangu kabla ya kuyaunganisha. Mstari wangu ukikosea, chuma kinakosea. Nilipenda sana jambo hilo, kwamba mtu mzima mwenye mikono ile alikuwa anafuata chaki yangu.

Tulikula hapo hapo kazini. Bi Mwajuma, aliyenipangisha chumba, alikuwa anatuletea ugali wa muhogo na dagaa kwenye hotipoti la bluu lenye ufa, na Fundi alikuwa na sharti moja ambalo sijaliona kwa fundi mwingine yeyote. Kila benchi lililokamilika lazima tule chakula cha mchana juu yake kabla halijapakwa vanishi. "Benchi haritoki hapa kabura hatujaria juu yake," alikuwa anasema. Aliamini kuwa mtu anayekula hasahau mgongo wake: kama egemeo limelala sana, ugali unamkwama, na kama limesimama sana, anainuka kabla hajashiba. Alikuwa sahihi mara nyingi. Kwa hiyo neno kulia kwetu pale lilikuwa neno la kazi, tulilisema kila siku kama tulivyosema randa na msasa. Nalitaja hili kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nalitumia kama kisingizio.

Tena nilikuwa na ugonjwa wa kusahihisha watu. Biharamulo ile kila mtu alikuja na lugha ya kwao, Kisubi, Kizinza, Kisukuma, Kihangaza, na Kiswahili kilikuwa kama nguo ya kuvaa ukienda ofisini. Wengi waliweka r penye l na l penye r, na hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo isipokuwa mimi. Nilimsahihisha Bi Mwajuma akisema mrango. Nilimsahihisha Fundi mwenyewe mchana kutwa, mpaka akanibandika lile jina, na kila nilipomwambia siyo mwarimu ni mwalimu, alijibu, "Ndiyo, mwarimu." Nilidhani natenda wema. Leo najua nilikuwa naogopa tu kurudi kijijini, na l yangu iliyonyooka ndiyo iliyokuwa kibali changu cha kubaki mjini.

Mama Skolastika alikuja mwezi wa tisa, asubuhi, mvua za kwanza zimeanza. Fundi alikuwa amekwenda kutafuta bapa za chuma, nilikuwa peke yangu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, kanga mbili zilizolowa pindo, na mkononi ameshika kifurushi: blanketi, chupa ya chai, na viatu vya kiume vilivyofungwa pamoja kwa kamba zake. Viatu niliviona. Sikuuliza. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyepigwa na baridi.

"Yale mabenchi ya bustani ya hospitali," akasema, "wameniambia mmetengeneza nyie."

"Ndiyo mama, ni ya kwetu."

"Na mimi nataka moja. Nyumbani, Bukiriro. Nataka benchi ya kuria."

"Siyo kuria, mama. Kulia," nikamwambia. "Na ni benchi la. Benchi la kulia."

Akalirudia polepole, ulimi unatafuta mahali pa kusimama. "Benchi la kulia."

"Vizuri," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema vizuri, kama mwalimu wa darasa la pili.

"Liwe kama lile la hospitali. Lile la mwisho kabisa, linaloangalia ukuta."

"Lile ni la kupumzikia, mama. La kulia ni aina nyingine. Lina meza yake."

Akanitazama. "Lina meza?"

"Lazima. Bila meza utaweka wapi vitu?"

Akatazama kifurushi chake, kama mtu anayejaribu kufikiria ni vitu gani hivyo. "Mimi sijui, mwanangu," akasema. "Nyie ndio mmesoma."

Nikamuuliza ni la watu wangapi. Akasema ni lake yeye, labda na mtu mwingine mmoja, kama atatokea. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: benchi la kulia, Bukiriro.

Kwa miaka mingi nilijiambia kuwa jenereta lilikuwa linanguruma na sikumsikia vizuri. Halikuwa linanguruma. Petroli ilikuwa imekwisha tangu jana yake na karakana ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye pindo la kanga yake. Nilimsikia kila neno. Katika mtihani wangu wa kidato cha nne kulikuwa na swali la utata, tunga sentensi uonyeshe maana mbili za kila neno, na moja ya maneno yale lilikuwa hilo hilo, kulia. Nilitunga ya chakula na nikatunga ya machozi, na nina hakika nilipata alama zote. Halafu akaja mtu mzima aliyetoka wodini na viatu vya mwanawe mkononi, akanitajia neno lile lile, na mimi nilikuwa nashughulika na r yake. Alikuwa ameomba mahali pa kulia machozi. Katika siku zote za kumuuguza Deo, kifungua mimba wake, mahali pekee alipoweza kulia bila kutazamwa lilikuwa benchi la mwisho la bustani ya hospitali, mgongo kwa watu, uso kwa ukuta. Asubuhi ile Deo alikuwa hajamaliza hata saa nne tangu akate roho, na ndugu walikuwa wanatafuta gari la kumrudisha nyumbani. Hayo yote niliyajua baadaye, wakati hayasaidii kitu tena.

Fundi alipoiona oda alikuna kichwa. "Mtu mmoja na meza ya nini?" Nikamwambia huyo mama ana haya tu, hawezi kutaja ukoo mzima kwa mgeni, tumtengenezee la watu sita. Akakubali, kwa kuwa chaki ilikuwa yangu. Nikachora kwa siku mbili. Mabenchi mawili yanayotazamana, meza katikati, vyote vimeshikwa na mifupa mitatu ya chuma ili visiyumbe hata uwanja ukiwa na mwinamo. Sikuweka egemeo, kwa sababu anayekula huinamia sahani. Niliacha upana wa kidole kati ya ubao na ubao ili mvua ipite, na nikamwambia Fundi achomelee vibati chini ya miguu lisididimie kwenye udongo mwekundu. Tulikula ugali juu yake sisi watatu, na Bi Mwajuma akasema angekuwa na uwanja angeliiba. Lilikuwa benchi zuri. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba lilikuwa zuri na hakukuwa na mtu wa kulilalamikia.

Mama Skolastika mwenyewe hakurudi kulitazama, lakini mjumbe alileta malipo yote, na mwezi wa kumi na moja tukapata pikapu iliyokuwa inakwenda Ngara kuchukua maharage. Tulipita Lusahunga na Nyakahura mimi na Fundi tumekaa nyuma, tumeshikilia benchi kama wagonjwa walioshikilia kitanda, na mahali fulani kwenye makorongo bolti moja ikachomoka ikapotea. Bukiriro tulifika mchana. Mzee Gervas, mume wake, alitoka ndani amevaa koti, watoto wakaja mbio, na mama yake mzee Gervas, bibi mfupi mwenye fimbo, akasimama mlangoni. Tukaliteremsha. Watoto walikaa kabla halijatulia vizuri, na Adela, wa miaka tisa, akaanza kupiga ngoma juu ya meza. Mzee Gervas alipiga viganja kwenye ubao, akakaa, akamwita kaka yake aje akae, na akacheka. Nilimwona akicheka, na nikawaona watoto wakigeuka wote kwa pamoja kumtazama, kama watu waliosikia redio iliyokuwa mbovu ikiongea. Mama Skolastika alitoka mwisho. Alisimama mbele ya benchi akaliangalia upande mmoja, akazunguka akaliangalia upande wa pili. Akaweka mkono juu ya meza. Nikadhani amezidiwa na uzuri wake, nikasogea kumweleza habari ya upana wa kidole na maji ya mvua.

"Asanteni," akasema. "Mmefanya kazi kubwa."

Mvua ikanyesha na gari halikuweza kurudi mpaka ikatike. Wanaume walikaa sebuleni na Fundi, wakaletewa urwagwa, pombe yao ya ndizi, na kwa kuwa Fundi Idi hanywi, akaletewa chai. Mimi nilikaa pembeni kwenye mkeka karibu na mlango wa ndani, na kupitia ukuta ule mwembamba nilimsikia bibi akizungumza na wifi yake mama Skolastika. Walizungumza Kihangaza, lakini Msubi kama mimi hapotei humo. Bibi alisema afadhali benchi limekuja, nyumba itapata uchangamfu. Matanga yalikwisha anuliwa, akasema, watu wamenyoa, padre amesoma misa, lakini mke wa Gervas bado analia kila akiguswa. Analia shambani, majirani wanamwona. Analia kitandani, mwanaume halali. Mtu akililiwa hivi bila kukoma hapumziki huko alikokwenda, na walio hai nao hawapumziki. "Nimemkataza," akasema. "Nimemwambia, katika nyumba hii machozi yamekwisha." Wifi akaitikia kwamba ni kweli, ni vizuri. Hawakuwa watu wabaya. Sauti ya bibi ilikuwa inakatikakatika alipokuwa anasema, na Deo alikuwa mjukuu wake.

Nikainuka nikaenda jikoni kusaidia. Jiko lilikuwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, mafiga matatu, dari nyeusi ya masizi, na moshi mzito kiasi kwamba nilimtambua kwa kanga yake tu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi. Nikachukua kisu kingine. Macho yalikuwa yanamtiririka, na yangu pia yakaanza.

"Kuni zako ni mbichi, mama," nikamwambia. "Zinaharibu macho."

"Najua," akasema. Akamenya ndizi mbili zaidi. "Lile la hospitali halikuwa na meza, mwanangu."

Sikumwelewa bado. Nikasema lile lilikuwa la kupumzikia.

"Nilikuwa silipumzikii." Aliongea bila hasira, ananifafanulia, kwa Kiswahili chake cha sokoni alichokuwa anakipanga neno kwa neno ili nisimcheke. "Nilikuwa nariria pale. Mtoto wangu. Ukanifundisha nikasema kulia. Nikasema basi, huyu amesikia."

Kisu kilisimama mkononi mwangu. Nikamwambia tutalichukua, tutalirudisha, nitamweleza Fundi sasa hivi, nitatengeneza jingine. Akatikisa kichwa. Aliniambia benchi lile limetokana na baiskeli ya Deo, aliiuza yeye mwenyewe baada ya kumwomba mume wake kwa siku nyingi, na sasa wote wanasema ni benchi la Deo. Watoto wamekaa. Baba yao amecheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Nitawaambia nini? Niwaambie mliondoe, mama yenu alitaka mahali pa kulia?" Akaongeza kuni motoni, na wingu la moshi likatufunika sote wawili. "Usiwaambie. Niahidi." Nikaahidi. "Hapa jikoni naweza," akasema. "Bibi akija nasema ni moshi."

Miezi iliyofuata niliishi na kibanda kile kichwani. Nilijua kosa liko wapi, nilijua urefu wake na upana wake, na sikuwa na njia ya kulifikia. Kumweleza Fundi ilikuwa kuvunja ahadi, kwa kuwa yeye habari haimkai tumboni, angempigia mzee Gervas magoti ya kuomba radhi kesho yake. Nikaamua kutengeneza jingine mwenyewe, Jumapili mchana, kwa vipande vilivyobaki. Nilipiga chaki sakafuni kiti cha mtu mmoja na nusu. Nikagundua sijui mtu anayelia anakaaje. Nikaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikainama, nikaweka uso viganjani, nikapima viwiko vinaangukia wapi. Fundi akaingia. "Mwarimu, unaumwa?" Nikamwambia napima. Akatazama mchoro, akatazama ndoo, akasema kwa upole kwamba kama ni mchumba, wapo wengine. Niliweka pa kukalia chini kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa anayelia hujikunja. Niliweka egemeo refu linalopita kichwa, ili aliye nyuma asione mabega, na pande zote mbili mikono mipana ya kubeba viwiko. Bado naamini ndicho kitu bora nilichowahi kuchora. Mwezi wa tatu nikakituma kwa dereva yule yule wa maharage, na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa: kwa mama Skolastika.

Nilikwenda kukiona mwezi wa sita. Kilikuwa kimewekwa kwenye kichwa cha meza, penye benchi refu, na ndani yake alikuwa amekaa mzee Gervas, redio mapajani, viwiko vimetulia kwenye mikono ile mipana. Karatasi yangu ilikuwa imepotea njiani; kilipofika, dereva alisema tu kiti kimekuja, na katika nyumba yenye baba, kiti cha peke yake chenye egemeo refu hakiulizwi ni cha nani. "Binti yangu, kimenifaa kweli kweli," akaniambia. "Hata mgongo umepona. Ulijuaje?" Nikasema nashukuru, mzee. Mama Skolastika alikuja na chai, akampa yeye kwanza, kisha mimi. Macho yetu yakakutana, na kitu kama kicheko kikatushika wote wawili, cha watu waliokosa hata pa kukasirikia. Akageuka akarudi jikoni. Nikakaa pale na kikombe changu nikitazama moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, na sikumfuata, kwa sababu sikuwa na neno la kumpelekea. Mwezi uliofuata niliacha kazi karakanani. Nilimwambia Fundi nakwenda kusoma, na ni kweli nilikwenda. Tangu hapo mteja akiniambia neno, namwomba anieleze atakuwa anafanya nini pale, saa ngapi, na nani, mpaka wengine wanachoka. Na sijamsahihisha mtu Kiswahili chake tena.

"Mbona huli, shangazi?" Adela aliniuliza kwa mara ya nne. Nikamwambia nitakula. Akakaa kando yangu, amechoka, anataka kuzungumza. Akanionyesha nyumba mpya ya matofali, na nyuma yake jiko la kisasa ambalo yeye na kaka zake walimjengea mama yao, lina vigae na lina gesi. "Hakuligusa," akasema. "Miaka sita. Kila jioni anaingia kwenye kile kibanda chake, anawasha kuni mbichi, mpaka tunakohoa huku nje. Tukimwambia mama, macho yataharibika, anasema chakula bila moshi hakimpandi. Hata baba alipofariki, alikaa humo wiki nzima. Mimi sijui alikipendea nini kile kimoshi."

Nikamwomba anionyeshe. Kibanda kilikuwa pale pale, nyasi zimebadilishwa, dari nyeusi vile vile. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, kigoda, na kuni mbichi zilizopangwa vizuri ukutani, za kutosha mwezi mzima. Kigoda kilikuwa kimewekwa mgongo kwa mlango, kikiangalia ukuta. Nikakaa juu yake. Nilikuwa nimejizuia kanisani na nikajizuia kaburini, na hapo sikuweza tena.

"Shangazi," Adela akasema kutoka mlangoni. "Vipi?"

"Ni moshi tu," nikamwambia.

Akatazama mafiga. Majivu yalikuwa baridi, moto ulikuwa haujawashwa humo tangu mama yake alipolazwa. Akatazama kuni, akatazama kigoda na mahali kilipoelekea. Nikasikia pumzi yake ikibadilika. Kisha akaingia, akaketi sakafuni kando ya magoti yangu, uso kwa ukuta, mgongo kwa nyumba.

Huko nje Fundi Idi alikuwa anaita. "Mwarimu yuko wapi? Chakura chake kinapoa."

Adela alijifuta pua kwa upindo wa kanga. "Tunalia huku huku, mzee," akamjibu.

"Haya," akasema Fundi Idi, "basi tunawaretea sahani."